Meno na Chakula: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Meno ya Wanyama na ya Binadamu

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa biolojia, walimu wao, wafugaji na wazazi nchini Uganda wanaotaka kufahamu jinsi umbo la meno linavyohusiana na chakula. Mifano mingi imechukuliwa katika mazizi, maziwa na hifadhi zetu, ambako mtu anaweza kujionea mwenyewe mengi ya yanayoelezwa hapa.

Kwa nini meno ya wanyama hayafanani?

Vyakula vyenyewe havifanani, na kila chakula humletea mlaji wake ugumu wa namna yake. Nyama humeng'enywa kwa urahisi, ila mwenye nyama hiyo hukimbia au hupigana, kwa hiyo kazi kubwa ya mla nyama ni kukamata, kuua na kukata vipande vinavyomezeka. Majani hayakimbii, lakini virutubisho vyake vimefungiwa ndani ya kuta ngumu za seli ambazo tumbo la mnyama haliwezi kuzivunja peke yake, na ndiyo maana mla majani hana budi kuyasaga kwa muda mrefu kabla ya vijidudu waishio tumboni mwake kuichukua kazi hiyo. Nyasi zina ugumu wa ziada: ndani yake mna chembechembe za silika, na juu yake hukaa vumbi na mchanga, vitu ambavyo huyala meno mwaka baada ya mwaka.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kulielewa jino na aulize kwanza linafanya kazi gani katika kinywa cha mwenyewe, halafu ndipo alitazame umbo lake. Wanaoanza na umbo mara nyingi hupotea, kama itakavyoonekana katika swali kuhusu gorila.

Jino limeundwa kwa nini hasa?

Sehemu ya nje ya jino inayoonekana kinywani imefunikwa na enameli, ambayo ni ngumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili, hata kuliko mfupa. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini kidogo na hustahimili mtikisiko, na katikati kabisa kuna sehemu hai yenye mishipa ya damu na neva. Mzizi umefunikwa na sementi na kushikiliwa katika taya kwa nyuzi imara.

Tofauti hii ya ugumu ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika magego ya ng'ombe, punda milia na tembo, enameli haikufunika jino juujuu tu, bali imekunjwa na kuingia ndani, ikapakana na dentini na sementi. Mnyama anapotafuna, zile sehemu laini hulika upesi na enameli hubaki imeinuka kama matuta makali. Kwa namna hiyo kulika kwenyewe ndiko kunakolifanya jino liendelee kukwaruza na kusaga vizuri.

Binadamu ana meno ya aina ngapi?

Mtu mzima mwenye meno yote ana 32. Manane ni meno ya mbele ya kukatia, manne ni chonge, manane ni magego madogo na kumi na mawili ni magego makubwa, yakihesabiwa pamoja na yale manne ya mwisho ambayo baadhi ya watu hawayaoti. Mtoto ana meno ya utoto 20, ambayo kwa kawaida huanza kuota akiwa na umri wa karibu miezi 6 na kukamilika kabla au karibu na umri wa miaka 3. Meno ya utoto hayana magego madogo. Nafasi hizo hushikwa na magego ya utoto, ambayo baadaye hung'oka na kuyapisha magego madogo ya ukubwani.

Mpe mtu muhindi wa kuchoma na utaona mgawanyo wa kazi waziwazi: meno ya mbele hung'oa punje, ulimi na mashavu huzipeleka pembeni, na magego huziponda huku taya la chini likienda juu, chini na kidogo kuelekea upande. Mate nayo yana kimeng'enya cha amilasi kinachoanza kuvunja wanga papo hapo kinywani, na ndiyo maana kipande cha matoke au cha muhogo kikitafunwa kwa muda mrefu huanza kuonja utamu.

Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu. Anakataje majani?

Swali hili huulizwa sana na watoto wa mjini wanapomwona ng'ombe wa Ankole kwa karibu kwa mara ya kwanza, na wengine hudhani kwamba mnyama huyo amezeeka au ameumia. Ukweli ni kwamba ng'ombe, mbuzi, kondoo, nyati na twiga wote wamezaliwa hivyo. Mbele ya taya la juu, mahali ambapo sisi tuna meno, wao wana ufizi mpana na mgumu. Ng'ombe huyazungushia majani ulimi wake mrefu, huyavuta kinywani, huyabana kati ya meno manane ya chini na ule ufizi, kisha huyakata kwa kutikisa kichwa. Mawili kati ya hayo manane, yale ya pembeni kabisa, kwa asili ni chonge ambazo zimegeuka umbo zikafanana na jirani zake.

Baada ya meno ya mbele kuna pengo refu lisilo na jino lolote, halafu ndipo magego yanapoanza, sita kila upande, juu na chini. Pengo hilo humpa ulimi nafasi ya kuyapanga na kuyageuza majani. Taya la chini ni jembamba kuliko la juu, na kwa hiyo ng'ombe husaga upande mmoja kwa wakati, akilipeleka taya pembeni kwa mwendo wa duara.

Kwanza humeza karibu bila kutafuna. Baadaye, akiwa amelala kivulini, huyarudisha majani kinywani na kucheua, kazi inayoweza kumchukua saa 8 hivi kwa siku, huku akitoa mate ambayo kwa ng'ombe mkubwa huzidi lita 100 kwa siku. Mfugaji anayemwona ng'ombe ametulia anacheua anajua kwamba mnyama ana afya. Aliyeacha kucheua anastahili kuangaliwa siku hiyohiyo.

Je, ni kweli umri wa ng'ombe au mbuzi unaweza kujulikana kwa meno?

Ni kweli, kwa kukadiria. Wanyama hawa hubadilisha meno ya utoto ya mbele jozi kwa jozi, wakianzia katikati. Kwa ng'ombe jozi ya kwanza ya meno makubwa huota akiwa na umri wa karibu miaka 2, na jozi ya nne huwa imekamilika anapofikisha miaka 4 hivi au zaidi kidogo. Mbuzi huanza mapema zaidi, kati ya miezi 12 na 18, naye hukamilisha akiwa na miaka 4 hivi. Baada ya hapo mnunuzi hutazama kulika, kulegea na kung'oka. Aina ya mifugo na malisho huyabadilisha makadirio haya, na mnyama aliyelishwa katika malisho yenye mchanga huonekana mzee kuliko alivyo.

Jambo hili si la mnadani peke yake. Ng'ombe ambaye meno yake ya mbele yamekwisha hawezi kukata nyasi fupi za kiangazi, hivyo hukonda wakati wenzake wanaendelea vizuri, na mwenyewe huweza kutumia fedha nyingi kwa dawa za minyoo kabla ya kufikiria kumfungua kinywa.

Punda milia naye hula nyasi. Kwa nini ana meno ya mbele juu na chini?

Punda milia, wanaoonekana katika hifadhi za Ziwa Mburo na Kidepo, hawacheui. Hukata nyasi kwa meno ya mbele ya juu na ya chini, huzitafuna vizuri mara moja tu, na vijidudu vya kuzichachusha hukaa sehemu ya nyuma ya utumbo wao. Ukosefu wa kucheua hufidiwa kwa kula kwa wingi na kwa kuwa na magego marefu sana, ambayo sehemu yake kubwa imefichika ndani ya taya na husogea nje taratibu kadiri ile ya juu inavyolika. Hizi ni njia mbili tofauti za kula chakula kilekile. Kifaru mweupe, kama wale wa hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa katika wilaya ya Nakasongola, ana njia ya tatu: hana kabisa meno ya mbele, na nyasi huzikata kwa midomo yake mipana.

Simba hutafunaje nyama?

Simba hatafuni kwa maana tuliyoizoea. Ana meno 30, na taya lake la chini limeungwa na fuvu kwa namna inayoliruhusu kwenda juu na chini tu, karibu bila mwendo wowote wa pembeni. Chonge nne ndefu hushika na kuua. Meno madogo ya mbele hukwangua nyama iliyoshikana na mfupa, kazi inayosaidiwa na ulimi wenye miiba. Kazi ya kukata hufanywa na jozi maalumu za meno ya pembeni, gego dogo la mwisho la juu na gego la chini, ambayo hupishana kama makali ya mkasi. Ndiyo maana simba anayekula huinamisha kichwa upande: anaipeleka nyama kwenye meno hayo. Kipande kikishakatika humezwa, kwa sababu nyama haihitaji kusagwa ili tumbo liweze kuimeng'enya.

Fisi madoa ana meno ya aina hiyohiyo ya kukatia, na zaidi ya hayo ana magego madogo manene yenye umbo la pia, ambayo kwa msaada wa misuli mikubwa ya taya huvunja mifupa ambayo simba ameiacha.

Tembo ana meno mangapi, na ni kweli kwamba hufa meno yake yakiisha?

Pembe za tembo ni meno ya mbele ya taya la juu yanayoendelea kukua maisha yote. Tembo huzitumia kuchimba, kubandua magome ya miti na kupigana. Kutafuna hafanyi kwa hizo. Kutafuna ni kazi ya magego, na hapa tembo ana mpango wa pekee. Katika maisha yake hupata magego 24, lakini hayaoti yote kwa pamoja. Katika kila nusu ya kila taya hutumika gego moja, au moja na sehemu ya jingine. Linapolika husogezwa mbele na lile linalokuja nyuma yake, likavunjika vipande na kudondoka. Zamu hizi ni sita, na ya mwisho huanza kuisha tembo anapokaribia umri wa miaka 60.

Mnyama anayehitaji kilo 100 au zaidi za majani, magome na nyasi kwa siku hawezi kuishi muda mrefu bila gego, kwa hiyo ni kweli kwamba tembo mzee aliyebahatika kuepuka ujangili na magonjwa hudhoofika meno yakimwishia. Kuhusu ujangili, kuna jambo la kusikitisha linalostahili kutajwa: baada ya mauaji makubwa ya tembo nchini mwetu katika miaka ya 1970 na 1980, idadi ya tembo wasioota pembe katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth ilionekana kuwa kubwa kuliko kawaida, kwa sababu wenye pembe ndio waliouawa na wasio nazo ndio waliobaki kuzaa. Binadamu alifanikiwa kubadilisha meno ya mnyama kwa bunduki.

Kiboko ana meno ya kutisha. Mbona inasemwa kwamba hula nyasi?

Kwa sababu hula nyasi. Viboko wa mfereji wa Kazinga hutoka majini usiku na kula nyasi zinazofikia kilo 40 hivi kila mmoja, wakizikata kwa midomo mipana na kuzisaga kwa magego yaliyo mbali nyuma. Chonge za chini, ambazo kwa dume huweza kufikia sentimita 50, pamoja na meno marefu ya mbele, ni silaha za kupigania eneo na majike. Mvuvi aliyevamiwa na kiboko hakuwindwa ili aliwe, ingawa jambo hilo halipunguzi hatari kwake.

Kwa hiyo chonge si dalili ya kula nyama?

Chonge peke yake si dalili. Ni kosa ambalo limeingia hata katika madaftari ya shule: mwanafunzi huambiwa kwamba mwenye chonge ni mla nyama, kisha hushindwa kumweleza gorila.

Gorila wa milimani wa Bwindi na Mgahinga hula majani, mashina, magome, machipukizi ya mianzi na matunda kidogo. Hata hivyo dume lina chonge kubwa zinazoweza kumtia mtu hofu, wakati jike, linalokula chakula kilekile, lina chonge ndogo zaidi. Kama chonge zingekuwa kwa ajili ya chakula, tofauti hii isingekuwa na maana. Maana yake hupatikana katika maisha yao ya kundi: dume huzitumia kutishia madume wengine na, ikibidi, kupigana nao. Anayetaka kujua chakula cha gorila atazame magego yake, ambayo ni makubwa na yana kingo zilizoinuka za kukatia majani yenye nyuzi.

Sokwe wa Kibale na Budongo wako katikati. Hupendelea matunda yaliyoiva, na magego yao yana vilele vya mviringo vinavyofaa kuponda vitu laini. Meno yao ya mbele ni mapana kwa ajili ya kumenya na kukamulia matunda. Lakini sokwe hao huwinda pia, hasa mbega, na hula nyama kwa hamu. Idadi ya meno yao ni 32, kwa mpangilio uleule wa kwetu.

Binadamu basi ni mla nyama au mla mimea?

Meno yake yanaonyesha kwamba hula vyote. Magego yetu ni mapana na yana vilele vifupi vya mviringo, kama ya nguruwe, ambaye naye hula karibu kila kitu. Enameli yetu ni nene kuliko ya sokwe na gorila. Taya letu huenda juu na chini na pia pembeni. Hatuna meno ya kukatia nyama kama ya simba, na wala hatuna magego marefu yenye matuta kama ya ng'ombe.

Hata hivyo ni lazima kuwa waangalifu, maana meno yetu hayasemi habari yote. Kwa zaidi ya miaka milioni 2 mababu zetu walitumia mawe makali kukata, na baadaye moto kupika, hivyo sehemu kubwa ya kazi ya meno ilihamia mikononi na jikoni. Nyama inayochemshwa, muhogo unaolowekwa, mahindi yanayosagwa kuwa unga wa posho na ndizi zinazopikwa kwa mvuke ndani ya majani yake, vyote hivi ni vyakula ambavyo vimeshafanyiwa kazi kabla ya kufika kinywani. Taya zetu zimekuwa fupi kwa sababu hatukuwa tena tunazitegemea vile. Anayesema kwamba binadamu hapaswi kula nyama kwa sababu hana meno ya simba, na anayesema kwamba lazima aile kwa sababu ana chonge, wote wawili wanalibebesha jino ushahidi lisiloweza kuutoa.

Kwa nini sungura na panya hutafuna mbao?

Meno yao ya mbele hayaachi kukua. Kwa panya na ndezi, enameli ngumu iko upande wa mbele wa jino tu, na upande wa nyuma hulika upesi zaidi, kwa hiyo ncha hubaki kali daima. Sungura si wa jamii ya panya, na nyuma ya meno yake ya juu ya mbele kuna mengine mawili madogo, lakini naye meno yake hukua maisha yote, yakiwemo magego.

Kwa mfugaji wa sungura hili ni jambo la vitendo. Sungura anayelishwa pumba na vyakula laini pekee huyapa meno yake nafasi ya kurefuka kupita kiasi, akashindwa kufunga kinywa vizuri, akatokwa na mate na kuacha kula. Apewe nyasi kavu kila siku, na vijiti safi vya kutafuna.

Wapo wanyama wasiotafuna kabisa?

Wapo wengi. Mamba wa Murchison Falls ana meno zaidi ya 60 yenye umbo la pia, yote ya kushikia. Nyama huirarua kwa kujizungusha majini na kuimeza vipande vizima, na jino likivunjika jingine huota mahali pake tena na tena. Kakakuona hana jino hata moja. Hula mchwa na siafu kwa ulimi mrefu wenye ute. Muhanga, anayekula wadudu haohao, ana magego yasiyo na enameli. Kuku hana meno, na kazi ya kusaga hufanywa na firigisi kwa msaada wa vijiwe anavyodonoa. Kuku anayefungiwa bandani na kulishwa nafaka nzima anahitaji kuwekewa changarawe.

Na samaki?

Ziwa Victoria ni mfano wa ajabu kuliko yote yaliyotajwa hapa. Samaki wadogo wanaojulikana kwa Kiganda kama nkejje, na kwingine kama furu, walikuwa wa spishi karibu 500 katika ziwa ambalo lilijaa maji upya takriban miaka 15,000 iliyopita. Wengine hukwangua mwani juu ya mawe kwa meno madogo yaliyojipanga safu, wengine huvunja konokono, wengine hukamata samaki wenzao. Samaki hawa wana seti ya pili ya meno kooni, juu ya mifupa maalumu, na hiyo huwaachia meno ya mdomoni nafasi ya kubadilika kwa kazi ya kukamata, wakati yale ya kooni yanasaga. Kuna spishi moja ambayo ikikua kwa kula konokono meno yake ya kooni huwa mapana na mazito, na ikilelewa kwa chakula laini huwa membamba. Katika miaka ya 1950 sangara aliingizwa ziwani, na kufikia miaka ya 1980 idadi kubwa ya spishi hizo ilikuwa imepotea kabla ya yeyote kupata kuzichunguza ipasavyo.

Wanasayansi hujuaje chakula cha viumbe waliokufa zamani?

Enameli hudumu ardhini kuliko sehemu nyingine za mwili, kwa hiyo visukuku vingi ni meno. Hutazamwa umbo la magego, mikwaruzo midogo inayoonekana kwa hadubini, na kemia ya enameli yenyewe, kwa sababu aina za kaboni zilizomo hutofautiana kati ya mlaji wa nyasi za nchi za joto na mlaji wa majani ya miti.

Karamoja ina nafasi ya heshima katika elimu hii. Huko Moroto kulipatikana mabaki ya nyani mkubwa asiye na mkia aliyepewa jina la Morotopithecus bishopi mwaka 1997, aliyeishi takriban miaka milioni 21 iliyopita. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba magego yake yalikuwa na kingo za kukatia majani, na kwamba aliishi katika nchi ya miti iliyoachana yenye nyasi na ukame wa majira, wakati wengi walikuwa wanadhani viumbe wa namna hiyo waliishi katika misitu minene wakila matunda. Somo jingine lilitoka Olduvai nchini Tanzania, ambako Mary Leakey alipata mwaka 1959 fuvu lenye magego makubwa mno. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mwenye fuvu hilo alivunja kokwa ngumu. Kemia ya enameli ikaonyesha baadaye kwamba jamii yake ilitegemea zaidi nyasi na mimea ya jamii ya ndago.

Kwa nini meno yetu huoza kuliko ya wanyama wa porini?

Bakteria waishio kwenye meno huigeuza sukari kuwa asidi, na kinywa kikiwa na asidi ya kutosha, chini ya pH 5.5 hivi, enameli huanza kuyeyuka. Mate huirekebisha hali hiyo yakipata muda. Ng'ombe hali sukari iliyosafishwa. Sisi tunakunywa chai yenye sukari asubuhi, soda mchana na kula biskuti katikati, hivyo mate hayapati muda. Kinachodhuru zaidi ni kurudiarudia kwa siku nzima. Miwa nayo ni sukari, na nyuzi zake hazisafishi meno kama wengi wanavyoamini. Kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi husaidia enameli kustahimili asidi. Na kwa kuwa enameli iliyovunjika haioti tena, meno yasitumike kufungulia chupa.

Gego la mwisho lina faida gani?

Lilisaidia kusaga chakula kigumu katika taya refu. Leo taya za wengi hazina nafasi ya kulitosha, kwa sababu ya urithi na pia kwa sababu chakula laini cha utotoni hakilipi taya kazi ya kulikuza vya kutosha. Huota kati ya miaka 17 na 25. Likiota sawasawa na kusafishika, liachwe. Likiota kombo na kuuma, aonwe daktari wa meno.

Mtoto wangu ana uvimbe mweupe kwenye ufizi na anaharisha. Jirani anasema ni ebinyo, yaani yale yanayoitwa meno ya uongo, na yang'olewe. Nifanye nini?

Tafadhali usikubali yang'olewe. Uvimbe huo ni jino la kawaida, mara nyingi chonge ya utoto, ambalo bado linajengeka ndani ya ufizi na kwa hiyo ni laini na jeupe likichimbuliwa. Anayelichimbua humwonyesha mama kitu kinachofanana na funza au jino bovu, na mama huamini, kwa kuwa hajawahi kuona jino changa. Hakuna ugonjwa unaotoka humo.

Sababu ya kuharisha na homa ni nyingine. Katika umri huohuo mtoto huanza kutambaa, kutia kila kitu kinywani na kula vyakula visivyo maziwa ya mama, na kinga aliyoipata kwa mama inapungua. Meno hujitokeza wakati huo, yakalaumiwa. Kuchimbua ufizi kwa spoku ya baiskeli, kisu au ukucha huleta kutokwa damu nyingi, uambukizo, pepopunda na hatari ya virusi vya damu, na kuna watoto waliokufa. Wanaopona mara nyingi hukosa chonge za utoto, na kwa kuwa kijimbegu cha chonge ya ukubwani kiko jirani, hiyo nayo huota ikiwa imeharibika au haioti.

Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki, aendelee kunyonya, na mwenye homa apelekwe kituo cha afya apimwe malaria siku hiyohiyo. Aliyekwisha kuchimbuliwa apelekwe pia, bila kuogopa kukaripiwa.

Mwanafunzi asiyeweza kwenda hifadhini ajifunze wapi?

Kituo cha wanyama cha Entebbe kina simba, sokwe na wengine wanaoweza kutazamwa wakila, na Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala linahifadhi visukuku. Lakini hata buchani panatosha. Omba kichwa cha mbuzi kilichokwisha kuondolewa nyama, kichemshwe na kusafishwa, kisha uhesabu meno ya mbele, upime pengo, na upitishe kidole juu ya magego uyahisi matuta yake. Ukilishika taya la chini na kulisogeza juu ya lile la juu, utaona ni mwendo upi unaoyakutanisha magego na ni upi usioyakutanisha. Halafu fanya hivyo kwa taya lako mwenyewe mbele ya kioo, na uandike tofauti.